Simu ya Titani na Maneno ya Watu

Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni ya Apple ilizindua simu zake za iPhone 15 kutoka makao yake ya Cupertino, California. Zilikuwa nne. Zilizopigiwa ngoma zaidi zilikuwa mbili: iPhone 15 Pro, bei yake kuanzia dola 999, na Pro Max, kuanzia dola 1,199. Hapa Nakivale hakuna aliyepanga foleni. Hata hivyo maneno ya uzinduzi yalitufikia mapema, yamekatwakatwa vipande vya WhatsApp, maana Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021 na asiye na VPN haioni. Kwenye vibanda vya kuchajia pale Base Camp vijana walibishana wiki nzima: eti ile titani ni chuma gani, eti ile kamera inavuta mpaka wapi, eti nani mjinga wa kulipa pesa yote hiyo.

Mimi nataka kuhakiki maneno hayo. Simu yenyewe nawaachia walioishika. Tumezoea kuhakiki mashairi, maigizo na mahubiri, na uzinduzi wa simu una vyote vitatu ndani yake. Tena una jambo moja ambalo shairi halina. Watu wakiusemea vibaya, kuna shimo linafungwa mahali na familia zinakosa chakula, au kuna fundi anashindwa kurudisha kioo cha mteja wake. Nitaonyesha namna gani.

Kwanza uzinduzi wenyewe. Niliutazama wote, usiku wa siku mbili, saa ambazo bando linakuwa nafuu. Siyo tena mkutano wa jukwaani kama zamani. Januari 2007, Steve Jobs alipotoa iPhone ya kwanza kule San Francisco, alisimama mbele ya watu akawachezesha kwa kitendawili cha vitu vitatu ambavyo kumbe ni kitu kimoja. Angeweza kukosea mbele ya macho yao, na ndiyo maana ilinoga. Tangu korona, Apple huandaa filamu iliyorekodiwa, na hata wageni walioalikwa Cupertino hukaa wakatazama skrini kama sisi. Hakuna anayekohoa, hakuna anayesahau neno. Ni kazi safi, na usafi huo unachosha.

Filamu ilianza na ushuhuda. Watu waliookolewa kwa msaada wa saa au simu za kampuni hiyo wanasherehekea siku ya kuzaliwa ambayo karibu wasingeifikia. Kwangu hiki ndicho kipande bora kuliko vyote. Mtu aliyewahi kukaa kwenye mkesha wa maombi hapa kwetu anajua nguvu ya ushuhuda: hauthibitishi kila kitu, lakini una uso na una sauti. Nasi tunao wetu. Kuna mama jirani yangu anayesimulia jinsi simu ya kitochi, ile ya vitufe, ilivyolia saa kumi alfajiri na kumwambia asipite barabara ya Rutshuru. Simu hiyo haikuwa na titani wala setilaiti. Dada yake alikuwa na salio, akapiga.

Katikati ya filamu yakaja maigizo. Octavia Spencer, mwigizaji aliyewahi kupata Oscar, anaingia chumba cha mkutano akiwa Mama Dunia, yaani maumbile yenyewe yaliyovaa mwili wa mtu. Viongozi wa kampuni, Tim Cook akiwa miongoni mwao, wamekaa mezani kama wanafunzi wanaongoja matokeo ya mtihani. Mama anauliza habari za malighafi, umeme, usafiri na maji. Wanamjibu kwamba ngozi ya wanyama wameiacha, kwamba wanatumia madini ya chakavu, na kwamba ikifika 2030 bidhaa zao zote hazitaongeza mzigo kwenye hali ya hewa. Mama anaondoka ameridhika nusu, akiwaonya wasimwangushe.

Kwa muundo ni igizo zuri. Wakubwa wanatetemeka, mama hacheki ovyo, na kila jibu linakuja na wasiwasi kidogo. Lakini angalia nani amepewa kinywa. Misitu imepata msemaji, hewa imepata msemaji, maji yamepata msemaji. Watu wanaoinama kwenye udongo huo hawakuulizwa na hawakutajwa. Mama amekagua nyumba nzima, amefungua mpaka sufuria, na hakuuliza kuni zimeletwa na nani. Mwandishi wa maigizo anajua kwa nini swali la namna hiyo huachwa nje: likiulizwa mezani lazima mtu alijibu, na jibu lingezima kicheko.

Sasa tuje kwa watu. Maneno yaliyofuata uzinduzi nayagawa mafungu matatu yenye kelele na moja lisilo na kelele. Yenye kelele ni sifa, kejeli na huruma.

Wanaosifu walisifu wepesi wa titani, chipu ya A17 Pro ya nanomita 3, kamera ya Pro Max inayovuta mara 5, na tundu jipya la USB-C. Nimesoma na kusikiliza sifa nyingi za aina hii, na udhaifu wake uko kwenye saa. Mkaguzi hupewa simu mapema, hukaa nayo siku chache, kisha hutoa hukumu saa ileile na wenzake wote. Ni kama kumsifu bwana harusi siku ya harusi. Bana, siku ile nani asiyependeza? Wiki chache tu zilitosha kuleta habari nyingine. Wanunuzi wa 15 Pro walianza kulalamika kwamba simu inapata moto mkononi, na mwanzoni mwa Oktoba kampuni ikatoa iOS 17.0.3 kutibu joto hilo. Kava za FineWoven, zile zilizoletwa badala ya ngozi, zikaonekana zinachubuka na kuchafuka upesi, zikawa kichekesho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa tuliona kizuri na kibaya vikitembezwa pamoja kwa zaidi ya saa moja, na msifaji hakuwa na muda wa kuvitenganisha.

Sifa za vijana wetu ni kitu kingine, na sipendi watu wanaozicheka. Kijana wa Nakivale anayeweza kukueleza tofauti ya chipu mbili ambazo hajawahi kuzishika amejifundisha mwenyewe, kwa bando la kuungaunga, bila mwalimu wala cheti. Huyo anasifu kama mtu anavyosifu timu ya mpira ya mbali: hana hisa, lakini ana elimu. Ninachomdai ni kwamba elimu hiyo aigeuze maswali. Anajua nanomita 3. Je, anajua kwa nini betri imefungwa kwa gundi?

Fungu la pili ni kejeli. Kejeli kubwa ya iPhone 15 ilikuwa moja: ni simu ileile. Walipanga picha za miaka minne au mitano pembeni kwa pembeni, wakauliza tofauti iko wapi. Kisha ukaja ule mzaha wa kila mwaka wa kuuza figo ili upate simu. Mzaha huo una damu ndani yake. Mwaka 2011 kijana wa miaka 17 nchini China aliuza figo lake kweli, akanunua iPhone na iPad, na mwaka uliofuata watu waliohusika na upasuaji ule walipelekwa mahakamani. Ukilijua hilo, mzaha unakuwa mchungu mdomoni.

Kejeli ni za zamani kama simu yenyewe. Mwaka 2007 Steve Ballmer, aliyekuwa akiongoza Microsoft, aliicheka iPhone ya kwanza mbele ya kamera kwa ajili ya bei yake na kwa kukosa kibodi ya vitufe. Historia ikamcheka yeye. Lakini tusisahau kwamba kuhusu bei hakukosea sana: miezi miwili na kidogo tu baada ya simu kuingia madukani, Apple wenyewe walipunguza dola 200. Kejeli huwa inaona kitu cha kweli. Tatizo lake ni kwamba inakiona, inacheka, inalala. Anayesema ni simu ileile anasema kama mteja aliyechoka na menyu. Mwakani atafungua menyu tena.

Iko kejeli nyingine inayotuhusu zaidi, nayo haimlengi mwenye kiwanda. Inamlenga mwenye simu. Mwaka 2015, Wasyria walipokuwa wakishuka kutoka mashua za mpira huko Ugiriki, watu Ulaya waliona simu mikononi mwao wakasema: hawa ni wakimbizi gani? Kana kwamba vita huchagua wasio na simu. Ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili mnalijua swali hilo, maana hata hapa linasikika, likisemwa kwa sauti ya chini, mtu anapotoa simu yenye kioo kikubwa kwenye mstari wa mgao. Shirika la UNHCR lilitoa ripoti mwaka 2016 kuhusu mawasiliano ya wakimbizi. Ilionyesha kwamba uwezekano wa mkimbizi kuwa na simu yenye intaneti ni nusu ya ule wa watu wengine, kwamba kaya 29 katika kila 100 za wakimbizi hazina simu yoyote, na kwamba wapo wanaotumia mpaka theluthi moja ya pesa walizonazo mkononi kwa ajili ya mawasiliano. Mtu anayetoa theluthi ya pesa yake kwa kitu hakichezei. Huyo ndiye angepaswa kuulizwa simu nzuri ni ipi.

Fungu la tatu ni huruma, na hapa naomba mnivumilie, juu najua wanaoitoa wanatupenda. Katika miezi iliyofuata uzinduzi ule zilisambaa picha za mtoto mwenye matope mpaka magotini, gunia kichwani, na maneno: hii ndiyo bei ya simu yako mpya. Watu wakahimizwa wasinunue. Picha hizo zilifika mpaka kwetu, kwa watu waliotoka Masisi na Rutshuru, zikiwa zimetafsiriwa vibaya, zikitueleza habari za nyumbani kwetu.

Kosa la kwanza la huruma hii ni la mwalimu wa jiografia. Wengi walichanganya kobalti na koltani kama majina mawili ya kitu kimoja. Kobalti inaingia kwenye betri, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, upande wa Kolwezi na maeneo ya jirani, kusini. Koltani inachimbwa kwetu mashariki, Rubaya ikiwa mfano mkubwa, na ndimo inamotoka tantalamu ya vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kuutoa kwa kipimo. Kutoka Kolwezi hadi Rubaya ni zaidi ya kilomita 1,000. Shida zake siyo zilezile. Kusini kuna kampuni kubwa zenye mitambo, na pembeni yake wachimbaji wadogo wenye sururu. Mashariki kuna watu wenye bunduki wanaotoza ushuru njiani. Ukichanganya dawa za magonjwa mawili, mgonjwa wote wawili unawapoteza. Na bado hatujagusa kasiteriti inayotoa bati la lehemu, dhahabu ya viungio, na volframiti inayotoa tungsteni, ule uzito unaotetemesha simu mfukoni bila kulia.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na tunalo ushahidi wake. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizo kwenye soko lao la hisa kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zao zinatoka Kongo au nchi jirani, na kama zinalisha vita. Nia ilikuwa njema. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa wadogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na zuio likaendelea mpaka Machi 2011. Hata lilipoondolewa, wanunuzi wengi waliona ni rahisi kukwepa madini ya Kongo kuliko kuyachunguza. Kwetu watu waliiita sheria ya Obama. Waliokuwepo wanakumbuka ada za shule zilivyokatika, maduka ya vijijini yalivyobaki na rafu tupu, na vijana waliokuwa wakichimba walivyoanza kutafuta mlo mwingine. Wenye silaha walikuwa na mbao, makaa, ng'ombe na vizuizi vya barabarani. Mchimbaji alikuwa na shimo tu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayesema tuache kununua madini ya Kongo amekiona kitanda kwa picha. Simaanishi kwamba mashimo yale yaachwe yalivyo. Watoto hawapaswi kuwemo mle. Udongo unaporomoka na watu wanafukiwa. Ninachosema ni kwamba huruma ilizungumza kwa niaba ya mchimbaji bila kumuuliza anataka nini, na mchimbaji, ukimuuliza, anataja vitu vinavyoshikika: mizani isiyoibia, bei inayojulikana, mbao za kushikilia kuta za shimo, na barabara isiyo na kizuizi cha mtu mwenye bunduki.

Hata ahadi nzuri zinahitaji jicho hilohilo. Aprili 2023, miezi mitano kabla ya uzinduzi, Apple walitangaza kwamba kufikia 2025 betri wanazobuni wao zitatumia kobalti ya chakavu peke yake. Wenye huruma walipiga makofi. Mimi nauliza: kampuni ikishaacha kuhitaji shimo la Kolwezi, inabaki na deni gani kwa watu waliolichimba miaka yote ile? Swali hilo halikuwa kwenye meza ya Mama Dunia, na sikuliona kwenye picha za mtoto mwenye gunia.

Kwa kulinganisha, nawakumbusha tarehe 7 Februari 2024. Timu ya taifa ya Kongo ilikuwa ikicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire huko Abidjan. Wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wakafunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole viwili kwenye kipaji kama bastola. Walifungwa 1-0, lakini ishara ile ilizunguka dunia kwa simu za watu. Kama mhakiki naiona kuwa kazi bora kuliko picha zote za matope. Waliotoa ishara ni Wakongomani wenyewe, wamesimama wima, na walichosema kilieleweka: watu wanauawa mashariki na mdomo wa dunia umefungwa. Haikumwomba mtu amhurumie yeyote. Ilimuuliza mtazamaji kwa nini amenyamaza.

Sasa fungu la nne, lile lisilo na kelele. Naliita kipimo.

Siku ileile ya 12 Septemba 2023, wakati filamu ya Cupertino inaonyeshwa, mamlaka ya mawimbi ya Ufaransa ilitangaza kwamba iPhone 12 inazidisha kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa, ikaagiza isimamishwe kuuzwa nchini humo. Kampuni ilipinga vipimo hivyo, kisha ikatoa marekebisho ya programu kwa Ufaransa. Hakuna aliyecheka wala kulia. Mtu alileta kifaa, akapima, akaandika barua.

Tundu la USB-C nalo lina historia ya namna hiyo. Kwenye filamu liliwasilishwa kama kipimo ambacho dunia nzima imekikubali, hivyo nao wanakileta. Ambacho hakikutajwa ni kwamba Umoja wa Ulaya ulikuwa umepitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu zote mpya zinazouzwa kwao zitumie tundu hilo kufikia mwisho wa 2024. Yaani kile ambacho msifaji alikisifu kama zawadi kilikuwa utii. Na katika mambo yote ya simu ile, ni hilo tundu pekee ambalo Nakivale italihisi. Nenda kibanda cha kuchajia ukaone: nyaya zimening'inia kama tambi, kila simu na mdomo wake, na mwenye kibanda anaitwa kila dakika kutafuta unaoingia. Waya mmoja kwa simu zote ni faida yetu sisi, ingawa sheria iliandikwa Brussels bila mtu yeyote kutufikiria.

Kuna pia iFixit, kampuni ya Marekani inayofungua simu na kuzipa alama za utengenezekaji. Septemba hiyohiyo waliishusha iPhone 14 kutoka alama 7 hadi 4 katika 10, na iPhone 15 Pro Max wakaipa 4. Sababu haikuwa bisibisi wala gundi peke yake. Vipuri vilikuwa vimefungwa kwa programu: ukichukua kioo halisi kutoka simu moja ukakiweka kwenye simu nyingine ya aina ileile, simu ilikuwa ikitoa onyo, na baadhi ya kazi zake ziliweza kukataa. Fundi mmoja wa Base Camp, ambaye hajawahi kusikia jina la iFixit, aliniambia jambo hilo kuhusu simu za siku hizi kwa maneno machache: "Mukubwa, hii haiko ya kutengeneza. Iko ya kutupa."

Mafundi wetu wanafufua simu kwa kuchukua viungo kutoka kwa zilizokufa. Ndiyo kazi yao yote. Simu inayokataa kiungo cha ndugu yake inamnyima fundi ugali na inamnyima mteja simu yake. Kwa hiyo mabishano ya Ulaya na Marekani kuhusu haki ya kutengeneza siyo habari za wazungu. Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, japo kuna misamaha. Oktoba 2023 California, nyumbani kwa Apple, ilipata sheria inayowataka watengenezaji wa vifaa vya kuanzia dola 100 watoe vipuri, zana na maelekezo kwa miaka 7. Mwezi huohuo Google iliahidi kusasisha programu ya Pixel 8 kwa miaka 7. Simu zinazouzwa leo katika nchi hizo ndizo zitakazofika Kampala zikiwa kuukuu baada ya miaka mitano, na kutoka Kampala zitakuja huku. Tunachelewa kuzipokea, lakini zitakuja na uamuzi uliokwisha kufanywa kuhusu kama zinafunguka.

Ndiyo maana nasema sisi tuko pande mbili za simu ambazo filamu haikuzionyesha. Tuko mwanzo wake, kwenye mashimo ya nyumbani, na tuko mwisho wake, kwenye meza ya fundi. Wanaosifu, wanaokejeli na wanaohurumia wote wanaiangalia ile siku moja ya katikati, siku ya kununua, kana kwamba mtu pekee mwenye neno ni mwenye dola 999. Hata mwenye huruma, ukimsikiliza vizuri, anamsemesha mnunuzi: nunua au usinunue. Mchimbaji na mtu wa mkono wa tatu hawamo kwenye mazungumzo.

Kwa wenzangu wa kambini: tuache kuwa watazamaji wa harusi ya watu. Tuna mafundi waliofungua mamia ya simu na wanajua aina ipi inakufa kwa tundu la chaji, ipi kwa betri kuvimba, ipi kwa kioo. Ujuzi huo uko vichwani mwao na haujaandikwa popote. Tunao waliochimba, wanaojua gunia lilipimwaje na ushuru ulilipwa kizuizi kipi. Huo ni uhakiki uliokamilika unaongoja kalamu tu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: taarifa nyingi siku hizi mnazituma kwa simu, na baadhi ya miradi mnaipanga kana kwamba kila nyumba ina kioo cha kugusa. Kabla ya programu nyingine mpya, pitisheni siku moja kwenye kibanda cha kuchajia mkahesabu vitochi. Na mkinunua simu za mradi, muulizeni muuzaji betri inatolewaje na kipuri kinapatikana wapi Mbarara. Nyinyi mnanunua nyingi kwa mara moja, muuzaji atawasikiliza kuliko mimi.

Septemba itakuja tena, na filamu itakuja, na vipande vyake vitaingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp kabla ya chakula cha usiku. Napendekeza safari hiyo tuwe na karatasi yenye maswali manne. Betri inafunguka kwa bisibisi gani? Programu itasasishwa miaka mingapi? Kioo cha simu nyingine kitakubaliwa? Na aliyechimba alipimiwa kwa mizani ya nani? Mafundi wawili wa Base Camp wamekubali kujibu yale matatu ya kwanza kwa simu zinazopita mikononi mwao. Kwa swali la nne natafuta watu waliowahi kufanya kazi Rubaya, Nyabibwe au Kolwezi. Majina hatutayaandika.